Kabla hujaingiza hata begi kwenye chumba chako cha kwanza, piga picha
Kama ndo unatoka kwa wazazi unaenda kuanza maisha, fanya hivi: siku unapewa funguo, chumba kikiwa bado kitupu, pita na simu kila kona upige picha na video, ukuta, dari, kitasa, vioo vya dirisha, chini ya sinki, mpaka namba kwenye mita ya umeme na ya maji, halafu mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo na meseji ya kistaarabu tu, "nimekuta hivi, naomba tujue wote." Mimi sikufanya, siku nahama nikakatwa dipoziti kwa sinki ambalo lilikuwa na ufa tangu naingia na sikuwa na cha kuonyesha, iliniuma sana. Inasaidia kwa sababu meseji ina tarehe, mkibishana baada ya mwaka hamtegemei kumbukumbu ya mtu. Ila zisikae kwenye simu peke yake, simu ikipotea ndo basi, jitumie na kwenye imeili. Na haitakusaidia kwa kitu ulichoharibu mwenyewe baadaye, wala kama dipoziti ulitoa mkononi bila risiti, hiyo risiti idai kwanza jamani.