Daftari la Bei: Namna ya Kupunguza Gharama za Jikoni Mtwara na Lindi

Katika nchi kama Marekani, watu wanaobana matumizi hukata kuponi za punguzo magazetini, huzipanga kwa aina ya bidhaa na kwa tarehe ya mwisho wa matumizi yake, kisha huzitoa dukani wakati ambapo bidhaa yenyewe imeshuka bei. Kwetu Mtwara na Lindi ni nadra kuona duka likitoa kuponi za namna hiyo, na bei nyingi sokoni hufikiwa kwa maelewano. Hata hivyo, jambo linalompa mkata kuponi faida yake, yaani kujua bei halisi ya kila kitu na majira inaposhuka, linawezekana kabisa hapa kwa daftari la shule na kalamu.

Daftari hilo lipangwe kwa bidhaa, si kwa tarehe. Mchele uwe na ukurasa wake, unga wake, sukari wake, na kadhalika kwa maharage, mafuta ya kula, nazi, dagaa, vitunguu na sabuni. Katika kila ukurasa chora safu tano: tarehe, mahali uliponunua, kipimo, fedha uliyolipa, na bei kwa kilo au kwa lita. Mahali paandikwe waziwazi, kama ni Soko Kuu, Chuno au Feri pale Mtwara mjini, duka la jumla au genge la mtaani, kwa sababu baada ya miezi michache ukurasa mmoja utakuonyesha ni nani anayekuuzia nafuu kwa kawaida na ni nani aliyekuuzia nafuu mara moja tu. Risiti za mashine zihamishwe daftarini jioni ileile, kwani karatasi zake hufifia upesi kwa joto letu.

Safu ya tano ndiyo yenye kazi, na ndiyo ambayo watu wengi huiacha. Sokoni tunanunua kwa fungu, kwa sado, kwa kopo na kwa kupimiwa mafuta kwenye chupa, na vipimo hivi havilinganishiki kwa macho. Sado mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa jinsi zilivyobonyea chini au kwa jinsi muuzaji anavyojaza kilele. Kwa hiyo, mara ya kwanza unaponunua sado ya maharage au ya mchele kwa muuzaji fulani, omba ipimwe kwenye mizani iliyo jirani, uandike uzito wake, na utumie uzito huo kugawanya bei. Tuseme robo kilo ya sukari inauzwa shilingi 800 na kilo nzima shilingi 3,000. Anayenunua robo kila siku analipa shilingi 3,200 kwa kilo. Tuseme tena dumu la lita tano za mafuta ni shilingi 25,000, na kichupa cha mililita 250 ni shilingi 1,500: mwenye dumu analipa 5,000 kwa lita, na mwenye kichupa analipa 6,000. Nyumba inayotumia lita nne kwa mwezi inapoteza shilingi 4,000 kila mwezi kwa mafuta peke yake, na fedha hiyo haionekani popote mpaka iandikwe.

Unga unahitaji hesabu yake. Ukinunua mahindi ukayapeleka mashineni, usilinganishe bei ya kilo ya mahindi na bei ya kilo ya sembe ya dukani. Jumlisha bei ya mahindi, nauli au usafiri, gharama ya kukoboa na ya kusaga, kisha ugawanye kwa kilo za unga uliotoka, si kwa kilo za mahindi ulizopeleka, maana sehemu ya uzito huondoka na pumba. Kama una kuku, pumba hizo zina thamani, nazo ziingie katika hesabu. Dona haipotezi uzito kiasi hicho, na kwa maoni yangu familia inayoipenda ina unafuu ulio wazi.

Sasa tuje kwenye majira, ambayo hapa kusini yana nguvu kuliko punguzo lolote la duka. Mvua zetu hunyesha takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mahindi na mpunga huvunwa baada ya hapo; mbaazi hufuata kuelekea Septemba. Kwa hiyo, miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo ya kuweka akiba ya nafaka. Ikifika Oktoba minada ya korosho huanza, fedha huingia kwenye akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, wanunuzi huongezeka madukani, na maelewano ya bei huwa magumu. Aliyenunua gunia lake mapema haguswi na hali hiyo. Nafaka ikaushwe vizuri ili isipate sumukuvu, kisha ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo humnyima dumuzi na fukusi nafasi ya kuishi. Mwezi wa Ramadhani nao uandikwe daftarini pamoja na bei za sukari, tambi, tende na nazi za wiki mbili kabla yake. Kwa kuwa Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, usitegemee tarehe za mwaka jana.

Kwa kitoweo cha baharini, ongeza safu moja ya umri wa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti vizuri, hivyo dagaa hupungua. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Kusi ikichafua bahari, mashua ndogo hazitoki kila siku. Ukiandika umri wa mwezi pembeni ya bei kwa miezi kadhaa, utajua siku za kununua dagaa wengi na kuwaanika.

Bidhaa zinazotoka Dar es Salaam zinategemea barabara. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo katika Wilaya ya Kilwa. Ni busara basi, kabla mvua hazijakolea, kuwa na sukari, mafuta, vitunguu na sabuni za mwezi mmoja ndani.

Kuna ukurasa mmoja zaidi, nao ni wa madeni. Mkopo wa dukani uandikwe kwa bei ya mkopo na bei ya taslimu ya siku hiyo, ili tofauti ionekane. Mkulima anayechukua chakula kwa ahadi ya korosho, katika ile biashara iliyokatazwa ya kangomba, yaani ya kununua korosho za wakulima nje ya mnada rasmi, anapaswa kufanya hesabu hii kabla ya kukubali. Tuseme anapewa kilo mbili za sukari kwa kilo nne za korosho ghafi, na mnadani, baada ya makato, angepata shilingi 2,500 kwa kilo. Amelipa shilingi 10,000, yaani 5,000 kwa kila kilo ya sukari inayouzwa 3,000 dukani. Inaniuma kuona nguvu za shamba la mwaka mzima zikiishia hivyo. Tena tarehe ya malipo haina uhakika kamili: katika msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho yenyewe, wakulima wengi walisubiri fedha zao kwa muda mrefu.

Asiyeweza kununua gunia peke yake achangiane na majirani watatu au wanne. Mmoja awe na daftari, gunia lipimwe kwenye mizani mbele ya wote, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ikataliwe hata ikionekana kuwa ni zawadi, kwa kuwa sheria ya vipimo inaikataza na uzito wake haujulikani. Kila mmoja apate kilo kulingana na fedha aliyotoa, gharama ya usafiri igawanywe kwa uwiano huohuo, na bei ya mwisho kwa kilo iandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la kila nyumba.