Kubonyeza mara moja, ripoti nzima inakaa sawa

Steshenari yangu iko Mwenge. Wanafunzi huniletea ripoti kwenye fleshi, kila moja na fonti zake. Zamani nilipanga moja moja kwa mkono. Sasa natumia makro: Word inakariri hatua zako, kisha inazirudia yenyewe.

Fungua nakala ya ripoti, siyo faili la mteja. Nenda View, Macros, halafu Record Macro. Andika jina lisilo na nafasi, mfano KaziYaChuo, na uache ihifadhiwe kwenye Normal ili itumike kwa kila faili. Bofya Keyboard, bonyeza Ctrl, Alt na J kwa pamoja, kisha Assign, kisha Close.

Hapa ndipo wengi hukwama: ukiwa unarekodi, kipanya hakichagui maandishi. Tumia Ctrl+A. Weka Times New Roman, saizi 12, halafu Ctrl+5 kwa nafasi ya mstari mmoja na nusu, na Ctrl+J kunyoosha kingo zote mbili. Rudi Macros, bofya Stop Recording.

Juzi dada mmoja alikuja jioni na kurasa 84, anakabidhi kesho yake. Nilibonyeza Ctrl, Alt na J, zikajipanga mbele ya macho yake. Tulibaki na vichwa vya sura tu, maana makro hii huvipa saizi 12 navyo.