Nyumba ya Dodoma na utunzaji wa mazingira: mwongozo unaoanzia kwenye paa

Miongozo mingi ya kutunza mazingira nyumbani huanza na taa na mifuko ya sokoni. Kwa familia inayoishi Dodoma mpangilio huo haufai, kwa sababu hapa kila jambo la kijani hudai maji kwanza, na maji ndiyo adimu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Kazi yangu ni kufunga gata na matangi na kupanga bustani za nyumbani katika mitaa ya jiji hili, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaowapa wateja: maji ya paa, kisha maji yaliyokwisha kutumika, kisha udongo, kisha jiko, na mwisho miti. Anayetanguliza miti kabla ya kujua itanyweshwa nini huwa anapanda kuni za Agosti.

Hatua ya kwanza: pima paa kabla ya kununua tangi

Milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Kwa hiyo huhitaji mtaalamu ili ujue paa lako lina thamani gani. Simama chini, pima urefu na upana wa eneo lililofunikwa na bati, wala usihangaike na mteremko wake, kisha zidisha. Nyumba yenye mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua moja nzuri ya milimita 30 itaipa lita 2,400. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayovuja na yanayokaushwa na joto la bati, utabaki na lita 1,920, yaani ndoo 96 za lita 20 kutokana na mvua moja. Kwa msimu mzima wa milimita 550, paa hilohilo hukusanya zaidi ya lita 35,000.

Hesabu ya pili ni ya matumizi. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa siku kwa kunywa na kupika peke yake, siku 210 za kiangazi zitahitaji lita 10,500. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa tangi la lita 10,000 ni ghali. Ushauri wangu ni kwamba usisubiri hadi ulimudu. Tangi la lita 3,000 hujaa kwa takriban milimita 47 tu za mvua juu ya paa hilo, nalo hujaa tena na tena katika msimu, hivyo kwa miezi minne utakuwa umepumzisha bomba la mamlaka na mfuko wako pia. Tangi la pili huongezwa mwaka unaofuata, likaungwa na la kwanza kwa bomba la chini. Muhimu ni kwamba gata lifungwe tangu mwanzo kwa vipimo vya paa zima na si kwa vipimo vya tangi dogo ulilonalo leo.

Hatua ya pili: funga gata, kisha funga tangi

Kazi hii ifanyike Septemba au Oktoba, wakati mafundi wana nafasi na bati ni kavu. Kagua kwanza ubao wa pembeni ambao mafundi huuita fishabodi. Ukiwa umeliwa na mchwa, gata litaanguka katika mvua ya kwanza yenye upepo, na mvua zetu za Desemba haziji bila upepo. Vishikio vya gata viwekwe karibu karibu, visizidi nusu mita hadi sentimita 60 kutoka kimoja hadi kingine. Mteremko wa gata uwe sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tangi. Ukiwa mdogo kuliko hapo, majani na mchanga vitatuama humo na kuzalisha mbu.

Maji ya kwanza ya msimu hayafai kuingia kwenye tangi hata kidogo. Miezi saba ya vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya mwarobaini imelala juu ya bati, na mvua ya kwanza huisomba yote kwa pamoja. Njia rahisi isiyohitaji kifaa cha dukani ni kuacha kona ya mwisho ya bomba, ile inayoelekea kwenye tangi, bila kuipaka gundi, ili mtu aweze kuigeuza kwa mkono. Mvua ya kwanza na ya pili zimwagike zote bustanini. Baada ya hapo, kila mvua inayokuja kufuatia siku kadhaa za ukavu iachwe imwagike nje kwa dakika kumi hivi kabla kona haijarudishwa mahali pake. Hakikisha kila mtu wa nyumbani anajua kuigeuza, kwa maana mvua haichagui saa ambayo mwenye nyumba yupo.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 3,000 likijaa ni tani tatu. Msingi wake uwe wa zege au mawe yaliyoshindiliwa vizuri, ulio sawa, wenye kimo cha kuiwezesha ndoo kukaa chini ya koki. Mdomo wa tangi na bomba la kutolea maji yaliyozidi vyote vifungwe wavu wa chandarua, na mfuniko usiache mwanya wa kupitisha mwanga. Tangi jeusi lililofunikwa vyema haliotishi ukijani ndani. Maji haya yakikusudiwa kunywewa, yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kama maji mengine yoyote. Na kama paa limepakwa rangi karibuni, msimu wa kwanza uwe wa kufulia na kumwagilia tu.

Hatua ya tatu: maji yatumike mara mbili

Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda hayana neno: yapelekwe moja kwa moja kwenye mimea. Maji ya kufulia yanahitaji busara zaidi, kwa kuwa sabuni za unga zina chumvichumvi, na udongo wa maeneo mengi ya Dodoma una chumvi ya kutosha hata kabla hujauongezea. Tumia maji ya suuzo la pili na la tatu, si yale ya povu la kwanza; sabuni ya mche ina nafuu kuliko ya unga; usiyamwage mahali pamoja kila siku; na usiyapeleke kwenye mchicha au saladi inayoliwa mbichi. Yanafaa kwa migomba, mipapai na mikomamanga, ambayo matunda yake yako mbali na ardhi. Usiyahifadhi zaidi ya siku moja, kwa maana yataoza na kunuka. Mvua ikianza, acha maji safi yaoshe udongo huo na kushusha chumvi chini ya mizizi.

Hatua ya nne: bustani izame, isiinuke

Matuta yaliyoinuliwa hufaa Bukoba au Tukuyu, kunakonyesha sana. Huku kwetu tuta lililoinuliwa hukauka pande zote kabla ya adhuhuri. Chimba majaruba: vitalu vilivyozama sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa uwanja, vyenye upana wa mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chini kabisa weka mabaki ya mimea na samadi iliyooza, rudisha udongo, kisha funika uso kwa matandazo ya nyasi kavu au mabua ya mtama. Matandazo yana mchwa, hilo nakiri. Yasigusane na shina la mche, na samadi iwe imeoza kabisa.

Katikati ya kila jaruba fukia chungu cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala mafuta, shingo yake ikibaki juu ya ardhi. Kijaze maji, kifunike kwa kigae, kisha panda miche kukizunguka. Udongo wa chungu huvujisha maji polepole kadiri ardhi inavyokauka, na mizizi huja yenyewe kuyafuata. Wateja wengi hunitazama kwa mashaka ninapokitaja, wakidhani nawarudisha nyuma, lakini sijaona mfumo wa bei hiyo unaopoteza maji machache kuliko huu. Vyungu hupatikana kwa wafinyanzi wa vijijini na katika masoko. Chagua kisichong'aa, ukitie maji, na uone kama nje kinalowana baada ya saa chache. Kisipolowana, kirudishe.

Mboga zinazozidi wakati wa masika zikaushwe. Wagogo wamekausha mlenda na majani ya kunde tangu zamani, na kiangazi kizima mboga huwa ipo ndani bila jokofu.

Mabaki ya jikoni, yaani maganda, majani ya chai na mboga zilizonyauka, yaende kwenye shimo la mboji na si kwenye lundo la juu, kwa sababu ileile ya ukavu. Chupa za plastiki ziwekwe kando kwa ajili ya waokotaji, na plastiki isichomwe uani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo kapu la ukindu lishakuwa jambo la kawaida.

Hatua ya tano: punguza mkaa kabla ya kuuacha

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Familia nyingi ninazozifahamu zina mtungi wa gesi tayari, lakini huutumia kwa chai na mayai, huku maharage na makande yakirudishwa kwenye mkaa kwa kuhofia gesi kuisha. Lenga basi chakula kigumu. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji hayo bustanini. Yachemshe kwa nguvu walau nusu saa, kisha uhamishie sufuria ikiwa imefunikwa ndani ya kapu kubwa lililojazwa matambara au mito, ulifunge vizuri na uliache kwa saa tatu au nne. Joto lililomo litaendelea kupika, na ukirudisha jikoni utamalizia kwa muda mfupi. Usiruke kuchemsha kwa nguvu, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu inayoumiza tumbo. Mwenye umeme wa uhakika anaweza kununua jiko la presha la umeme, ambalo hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Asiyeweza yote mawili atumie jiko banifu, na sado moja ya mkaa itamfikisha mbali kuliko zamani.

Hatua ya sita: miti, na hasa ile ambayo tayari ipo

Sasa panda, mvua ikishalowesha udongo kwa kina cha mkono. Mkwaju, mwarobaini na mlonge huvumilia; mpapai na mzabibu hulipa haraka kama maji ya hatua ya tatu yapo. Acha uwanja wa udongo kuzunguka miti. Mtindo wa kusakafia ua mzima kwa vitofali vya zege, ulioenea katika viwanja vipya, huongeza joto la nyumba na kuyafukuza maji yaliyokuwa yaingie ardhini.

Kwa wenye viwanja vikubwa pembezoni, kama Mkonze au Ihumwa, kagua kabla ya kung'oa visiki. Mkungugu, yaani mgunga wa miiba wa huku kwetu, hata ukikatwa bado una mizizi mirefu inayofikia unyevu ambao mche wa kitaluni hautaufikia kwa miaka. Njia inayojulikana mkoani kwa jina la Kisiki Hai ni hii: chagua machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine yote karibu na kisiki, punguza matawi ya chini, kisha funga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue kwamba mti huo unatunzwa. Rudia kupogoa kila machipukizi mapya yanapojitokeza. Matawi ya miiba uliyoyakata yapange kukizunguka kisiki, yakae hapo hadi machipukizi yapite kimo cha mbuzi anayesimama kwa miguu ya nyuma.