Kupanga akaunti ya wallabag kabla bando halijaisha

Mozilla waliifunga Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za mtandaoni ili uzisome baadaye, tarehe 8 Julai 2025, na baadhi ya waliokuwa wakiweka makala zao humo wamehamia wallabag. Hii ni programu huria: unaweza kuiendesha kwenye seva yako mwenyewe, au ukalipia nafasi wallabag.it, ambako unapewa siku 14 za kujaribu bure. Kufungua akaunti hakuna kazi. Kazi ni mipangilio, ambayo wengi huiacha ilivyokuja. Ilivyokuja inamfaa mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi kutwa, si mtu anayenunua MB za siku, akahifadhi makala ofisini Kampala na kuisoma ndani ya basi la Gulu.

Fanya yote haya kwenye kivinjari, ikiwezekana kwenye kompyuta. Ingia, bofya alama ya mtu juu kulia, chagua "Config". Utakuta vichupo kadhaa, na kila kimoja kina kitufe chake cha "Save". Ukibadilisha mambo kwenye vichupo viwili kisha ukahifadhi kimoja tu, ukurasa hujipakia upya na ya kile kingine yanapotea. Basi hifadhi kila kichupo kabla ya kugusa kinachofuata.

Anza na "User information", hata kama mkono unakimbilia kubadilisha rangi na fonti. Hakikisha anwani ya barua pepe ni ile unayoifungua kweli, maana nenosiri likisahaulika, kiungo cha kuweka jipya kitatumwa huko. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Njia ni mbili: msimbo unaotumwa kwa barua pepe, au msimbo wa tarakimu sita unaotolewa na programu kama FreeOTP au Google Authenticator. Chagua ya pili. Barua pepe inahitaji mtandao wakati huohuo na inaweza kuchelewa. Programu ya misimbo hufanya kazi hata simu ikiwa haina data. SMS haimo kabisa, na hilo ni jema: laini ikipotea, huhitaji kwenda na kitambulisho cha taifa kuirudisha kwanza ndipo usome makala zako.

Ukiwasha, utaonyeshwa picha ya QR pamoja na misimbo ya akiba, ya kuingilia siku programu ya misimbo haipo. Piga QR kwa programu, andika tarakimu sita kuthibitisha, halafu nakili ile misimbo ya akiba kwenye karatasi. Kuipiga picha kwa simu ileile yenye programu ya misimbo hakusaidii kitu. Simu ikiibwa, vyote vimekwenda pamoja.

Msimbo ukikataliwa mara tatu ilhali umeuandika sawasawa, tazama saa ya simu. Misimbo hii huhesabiwa kwa saa ya dunia (UTC) na hubadilika kila sekunde 30. Mtu huweza kupanga saa kwa mkono ikalingana na ya Kampala, huku eneo la saa likibaki London. Machoni saa ni sahihi, lakini kwa simu tuko masaa mawili au matatu mbele, na kila msimbo utakuwa batili. Washa saa ya kujipanga yenyewe, au chagua eneo la Afrika Mashariki, UTC+3.

Kwenye kichupo cha "Settings" mambo mengi ni ya kupenda kwako. Idadi ya makala kwa ukurasa huanzia 12, nayo inatosha. Picha ndogo za utangulizi zizime: zinapendeza, lakini kila ufunguapo orodha zinakula data. Kinachostahili kufikiriwa ni kasi ya kusoma. wallabag hukadiria dakika za kila makala kwa kuhesabu maneno 200 kwa dakika. Kiswahili kinaibana hesabu hiyo, kwa sababu neno moja, "hawajatuandikia", linabeba mzigo ambao Kiingereza kingeugawa kwa maneno sita. Kama sehemu kubwa ya unachosoma ni Kiswahili, shuka hadi 100, la sivyo makala iliyoandikiwa dakika tano itakuchukua kumi.

Kichupo kinachopuuzwa zaidi, na chenye faida kuliko vyote, ni "Tagging rules". Hapa unaandika kanuni, na kila makala mpya inayotimiza kanuni hiyo inabandikwa lebo yenyewe. Mifano ya kuanzia (readingTime ni dakika za kusoma, domainName ni jina la tovuti, title ni kichwa cha makala):

readingTime <= 5
lebo: foleni

domainName matches "monitor.co.ug" OR domainName matches "newvision.co.ug"
lebo: habari-ug

title matches "kahawa" OR title matches "coffee"
lebo: kahawa, kilimo

Lebo ya kwanza ni kwa ajili ya taksi iliyokwama Jinja Road: unafungua "foleni" na kila kilichomo kinasomeka kabla hamjasogea. Katika kanuni ya pili tumetumia "matches" badala ya alama ya = kwa makusudi. Alama ya = inataka jina la tovuti lilingane herufi kwa herufi, na tovuti ikija na "www" mbele, kanuni inaanguka kimya kimya. Mfano wa tatu unaonyesha kuwa lebo mbili hutenganishwa kwa mkato.

"matches" haijali herufi kubwa wala ndogo, ila hutafuta kipande popote ndani ya maneno. Kwa Kiswahili hilo lina uzuri na ubaya. "kahawa" itanasa pia "kahawani", sawa. Lakini ukiandika "maji" ukikusudia habari za visima na mabomba, utaletewa "majira", "majina" na "majirani". Kwa neno fupi namna hiyo ongeza sharti la pili kwa AND ("na"), na ukichanganya AND na OR ("au") weka mabano ili isomeke unavyotaka.

Kanuni ikikataliwa, mara nyingi kosa ni alama za nukuu. Kibodi za simu hupenda kuweka nukuu zilizopinda. Wallabag inataka zilizonyooka. Na usishangae makala za zamani zikibaki bila lebo: kanuni hufanya kazi makala inapohifadhiwa. Mwenye seva yake anaweza kuzipitia zote kwa amri ya wallabag:tag:all. Wengine wapange kanuni kwanza, ndipo walete faili lao la Pocket. Faili hilo lina anwani, vichwa na lebo, si makala zenyewe, kwa hiyo kurasa zilizokwisha kufutwa mtandaoni zitaingia tupu. Hiyo si hitilafu ya akaunti.

"Ignore origin rules" iruke. Inahusu viungo vinavyopitia tovuti za kuelekeza upya, na wachache wataihitaji.

Kwenye "Feeds" kuna tokeni (maandishi ya siri) ya kutengeneza milisho ya makala zako, yaani orodha zinazojisasisha ambazo programu nyingine huzisoma: zisizosomwa, zenye nyota, zilizosomwa. Kama hutumii kisoma milisho, usiitengeneze. Kiungo chake hakiulizi nenosiri; aliye nacho anaona orodha yako. Ukikituma WhatsApp kwa bahati mbaya, kufuta ujumbe hakutoshi. Rudi hapa utengeneze tokeni mpya, na ya zamani itakufa.

Sasa simu. Fungua ukurasa wa wateja wa API ("API clients management"), ambako programu nyingine hupewa ruhusa ya kuingia kwenye akaunti yako, tengeneza mteja mpya, mpe jina la kifaa, kwa mfano "simu-tecno". Utapewa maandishi mawili marefu, kitambulisho na siri, ambayo utayabandika kwenye programu ya wallabag ya Android pamoja na anwani ya seva, jina lako na nenosiri. Usiyaandike kwa mkono. Herufi moja ikikosewa utaambiwa tu kuwa umekataliwa. Kila kifaa kipe mteja wake. Simu ikinyakuliwa na mtu wa boda, unamfuta mteja huyo mmoja na kompyuta inaendelea kama kawaida, ila nenosiri nalo libadilishe siku hiyohiyo.

Ndani ya programu ya simu washa usawazishaji wa kujiendesha, na uwashe pia kuhifadhi picha. Bila hilo la pili maandishi yatashuka lakini ramani na michoro itabaki mtandaoni. Usawazishaji wa mara ya kwanza ndio mzito, hasa kama umehamisha mamia ya makala, basi ufanye kwenye Wi-Fi simu ikiwa na chaji. Intaneti ilipozimwa nchini Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu, kilichokuwa kwenye seva tu hakikufikika. Kilichokwisha kushuka kwenye simu kiliendelea kusomeka.

Jaribu kabla ya kusafiri: weka simu hali ya ndege, fungua makala tatu, mojawapo iwe ya picha. Ikifunguka ikiwa na mapengo mahali pa picha, rudi kwenye Wi-Fi, sawazisha tena, na subiri imalize kabla ya kufunga programu.