Mkimbizi akija kanisani kwenu, siku ya tatu mpe jembe

Kama unasali hapa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Mikindani, kuna siku ataingia mtu na watoto wake akae benchi ya nyuma kabisa, na akifungua mdomo utajua huyu ametoka Kongo ama Burundi. Hebu niwaambie vile tumejifunza kukaa nao, manake mwanzo tuliharibu.

Tuliharibu kwa kuuliza. Mlipita wapi, nani alikufa, baba watoto yuko wapi. Usiulize jamani, mtu huyo ashahojiwa kwa maofisi mpaka amechoka, asikute dawati lingine nyumbani kwa Mungu. Mpe chai na mahamri, ujue majina ya watoto, basi. Akitaka kusema atasema mwenyewe, na siku hiyo wewe kazi yako ni kusikiliza, hayo ya "Mungu ana makusudi yake" yaweke kando kwanza. Na picha yake usiitume kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa, wengine bado wanatafutwa na wale waliowakimbia.

Kwenye Neno, wengi tunashika Yeremia 29:11 tu, ule mstari wa mawazo ya amani, tunampa mtu kama panadol. Fungua sura yote. Ile ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu wakapelekwa Babeli, mstari wa 10 unataja miaka 70, na wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, hukohuko ugenini. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 na kuna watu wamezaliwa humo wakazaa humo, mtu wa huko ukimsomea miaka 70 hashtuki, anasikia kwamba Mungu anajua kusubiri ni nini. Zaburi 137 pia usiiruke ati kwa sababu ni kilio, mwache alie nayo.

Siku moja tulikuwa Mathayo 2, Yusufu anaamka usiku anamchukua mtoto na mama yake wanakimbilia Misri, Herode asimuue mtoto. Mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo, akaweka kidole pale penye neno "usiku", hakukitoa. Akauliza, "Batoto banalia usiku. Maria alifanya aje Yesu asilie, askari wasisikie?" Hakuna aliyejibu, hata mwalimu. Tulikaa tu, kisha tukaomba, na nadhani ndo maombi ya kweli zaidi nishawahi kuwa ndani yake.

Sasa jembe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, watu huisema kama kumchoka mgeni lakini mimi naona ndani yake kuna heshima kubwa. Mtu ukimpa unga kila Jumapili miezi sita bila kumuomba kitu, anaanza kujiona mzigo. Yule mama tulimuomba atufundishe pambio za kwao, akatoka benchi ya nyuma akaja mbele, na Kiswahili chake hatukukisahihisha, tuliimba vilevile na hizo "batoto" zake. Mwingine fundi cherehani, mpe vitambaa vya kwaya ashone, na mlipe.

Tena kanisa la Pwani lenyewe limejengwa na watu kama hao. Frere Town hapa Mombasa ilianzishwa 1875 na wamishonari wa CMS, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, kengele yao ndo imeupa mtaa wa Kengeleni jina, na kule Rabai watoro walikimbilia misheni wakapokelewa.

Unga usiwe chambo, kama jirani mkimbizi ni Muislamu mpelekee vilevile bila trakti, vile vikaratasi vya kuhubiri. Mambo ya karatasi usibahatishe, kuna sheria ya wakimbizi ya 2021, msindikize kwa ofisi ya serikali ya wakimbizi ama UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na usimuahidi kupelekwa Kanada, hata kwa unabii.

Akikosa Jumapili mpigie siku hiyohiyo, usingoje ya pili. Mara nyingi ni nauli ya matatu tu, na ataona haya kukwambia.