Kabla hujavuka kwenda Ukerewe

Mtu wa Dar akisikia kisiwa anaona Mbudya: boti asubuhi, samaki wa kukaanga, jioni yuko nyumbani. Ukerewe si hivyo. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo kwenye maziwa ya Afrika, kina vijiji, mashamba ya mihogo na michungwa, na vumbi la kutosha. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu siku. Basi la kutoka Mbezi Luis hadi Mwanza linakumalizia siku nzima, halafu meli ya kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, inataka kama saa tatu, na ukikuta imeng'oa nanga unalala mjini. Wanaopitia Bunda huvukia Kisorya kwa pantoni hadi Rugezi. Kwangu mimi, mwenye siku mbili tu abaki na Mbudya yake.

La pili ni maji. Sisi wa pwani tunajirusha baharini bila kufikiri, lakini Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi. Mwenzetu mmoja alishuka ufukweni taulo begani. Mama aliyekuwa akigeuza dagaa juani akamtazama, akasema tu, "Mwanangu, oga kwa ndoo." Chandarua nacho usikisahau.

Ukitaka kufika kisiwa jirani cha Ukara, kwenye jiwe linalosemekana kucheza, unavuka tena kutoka Bugolora. Hapo usione haya kukataa chombo kilichojaa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Baadhi yao wamezikwa hukohuko Ukara, kijijini Bwisya. Vaa boya hata kama wenzako wanakucheka. Ukifika, piga hodi ofisi ya kijiji kwanza upewe mwenyeji. Jiwe lile kwa wenyeji si mapambo ya picha, na simu ikae mfukoni mpaka uruhusiwe.

Kwenye kisiwa kikubwa, tenga nusu siku kwa Bukindo, lilipo jumba la Omukama, aliyekuwa mtawala wa Wakerewe. Kagunguli ni kwao Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili hapahapa Dar miaka 35 baadaye, kwa hiyo ukikipata, kisome kabla ya safari. Vyakula, pombe ya ndizi, uganga, taratibu za ndoa, vyote vimo, na utawaelewa wazee mapema.

Beba noti ndogondogo, na kitenge kwa wadada. Angalia pia mwezi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Nenda wakati wa giza, uone ziwa limewaka taa kama Kariakoo.

Mfuko wa ziada pia, maana dagaa utawanunua tu. Wafunge mara tatu. Harufu yao ndani ya basi haina adabu.