Kabla Hujapuliza Rangi Bastola ya Sponji ya Mtoto

Septemba ikiingia tu, watoto wetu hapa Columbus, Ohio, Marekani, wanaanza kuhesabu siku za kufika Halloween, ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza, na simu yangu inaanza kulia. "Dada, mtoto anataka Nerf yake, ile bastola ya risasi za sponji, iwe ya shaba, kama ya rubani wa ndege za zamani. Ninunue rangi gani?" Kila mmoja namjibu kwamba rangi ndiyo ya mwisho kununuliwa. Kupuliza kwenyewe hakuchukui muda. Kinachoamua kama rangi itashika, na kama mtoto ataweza kuishika bastola hiyo bila mtu kudhuriwa, ni mambo unayoyamaliza wiki mbili kabla hujatikisa kopo.

Naanza na usalama, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi.

Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mwendo wa saa mbili na kidogo kwa gari kutoka hapa, Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, alikuwa akichezea bastola bandia kwenye bustani iliyo kando ya kituo cha michezo. Ilikuwa ya kurusha vidonge vya plastiki, na alama ya chungwa ya mdomoni, inayoonyesha kwamba ni ya kuchezea, ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyepiga 911, namba ya dharura, alisema huenda ni ya bandia na huenda mwenye nayo ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari. Gari lao lilipofika, ndani ya sekunde 2 hivi Tamir alikuwa ameshapigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata.

Mzazi mwenzangu, kabla hujachagua shaba au fedha, chagua kwanza kisichoguswa: ule mdomo wa rangi ya chungwa. Mara nyingi umegandishwa kwa gundi na haukusudiwi kutoka. Uzungushie tepu ya karatasi siku ya kwanza kabisa ya kazi, hata kabla ya msasa, na usiitoe hadi mwisho. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inataka bunduki za kuchezea zenye sura ya bunduki za kweli ziwe na alama hiyo isiyobanduka, au ziwe za plastiki inayoonyesha ndani, au mwili mzima uwe wa rangi kali kama nyekundu, njano, kijani, buluu, pinki au zambarau. Inawalenga wanaotengeneza, wanaosafirisha na wanaouza, lakini usidhani wewe uliye uani na kopo lako huhusiki. California, kubadilisha rangi au alama za bunduki bandia ili ifanane zaidi na ya kweli ni kosa. Uingereza nako, sheria ya mwaka 2006 inakataza kuigeuza bandia ikapata sura ya kweli. Kwa hiyo ndugu aliye London, au Oakland huko California, asichukue ushauri wangu wa Ohio akautumia vilevile ulivyo. Asome kwanza sheria ya anapoishi.

Hata mdomo wa chungwa ukiwepo, haumlindi mtoto peke yake. Askari wanajua kwamba rangi hiyo inaweza kupakwa hata kwenye bunduki ya kweli, na jioni, kwa mbali, rangi zote hufifia. Ndiyo maana mimi sikubali mwili wa nyeusi tupu, fedha tupu, wala madoa ya kijeshi, mtoto alie asilie. Shaba naikubali ikiwa imechanganywa na zambarau au kijani kikali, sehemu kubwa kubwa, mtu aone mara moja kwamba ni kitu cha hadithi. Na kabla ya kuanza kazi mnakubaliana mtoto akiwa amekaa mbele yako: haiendi shuleni hata ndani ya begi, haitolewi dirishani kwenye gari, haizungushwi mitaani usiku wa tarehe 31. Picha zinapigwa nyumbani, michezo ni uani, na barabarani anatoka na kofia na miwani yake ya rubani. Akikataa masharti hayo, kwangu mimi kazi haianzi.

Mkishaelewana, shika kalenda na uhesabu kurudi nyuma. Rangi nyingi za kupuliza plastiki zikishikwa baada ya saa chache huonekana zimekauka, kumbe kukomaa na kuhimili mikwaruzo huchukua siku 7 hivi. Kama inatakiwa tarehe 31 Oktoba, mpulizo wa mwisho uwe umepita kabla ya tarehe 22. Tatizo ni kwamba Oktoba hapa Ohio baridi imeshaanza kubisha hodi. Makopo mengi yameandikwa yatumike kati ya nyuzi 50 na 90 za Farenhaiti, yaani 10 hadi 32 za Selsiasi, na unyevunyevu usiwe mwingi. Asubuhi yenye umande haifai, na jioni haifai pia. Mimi huvizia saa 6 hadi saa 9 mchana, siku kavu isiyo na upepo. Walio Dar es Salaam na Mombasa baridi haiwahusu. Wao wanahangaika na unyevunyevu: ukipuliza wakati wa masika, vanishi inaweza kukauka na ukungu mweupe juu yake.

Kwenye kopo kuna maandishi mengine madogo ambayo watu huyaruka: muda wa kurudia mpulizo. Mengine yanasema rudia ndani ya saa 1, au la, subiri saa 48. Ukipuliza katikati ya muda huo, kiyeyusho cha rangi mpya kinaikuta ya chini haijakomaa, na uso wote unajikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Hapo hakuna dawa ila kukwangua na kuanza upya. Kwa hiyo kama una saa 1 tu kabla ya kuwachukua watoto shule, usianze siku hiyo.

Bastola yenyewe itafute kwenye maduka ya mitumba. Ninayoipenda ni Strongarm ya Nerf, ya risasi sita za sponji, yenye silinda inayochomoka pembeni, kwa kuwa ina sehemu nyingi za kugawia rangi. Ijaribu ukiwa bado dukani: vuta kitelezi cha juu, fyatua, rudia mara tano. Ikikwama leo ikiwa haina rangi, ikishapata rangi itakwama zaidi.

Sasa kuifungua. Tafuta bisibisi ndogo ya nyota inayoingia barabara kwenye kichwa cha skrubu, kwa sababu inayocheza itakila kichwa na hutaifungua tena. Laza bastola upande mmoja, toa skrubu, na kila skrubu iweke kwenye trei tupu la mayai kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwani urefu wake haulingani. Kisha nyanyua gamba la juu polepole, taratibu kama anayefunua sufuria ya wali, na kabla kidole hakijagusa kitu piga picha. Piga ya juu, piga ya pembeni. Ndani kuna springi iliyobanwa, na ikiruka unaweza kutafuta kipande chini ya kabati hadi usiku. Vaa miwani ya kinga. Sehemu za ndani zikishatoka ziweke kwenye mfuko safi, hizo hazipakwi rangi. Wala usiingize rangi ndani ya matundu ya risasi, na risasi zenyewe ziache kama zilivyo.

Tazama upande wa ndani wa gamba. Mara nyingi utakuta herufi ABS zimechapwa kwenye plastiki. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa ABS inashika rangi vizuri ikiandaliwa. Sehemu zinazoteleza, ambazo ukipitisha kucha unahisi kama umegusa nta, ni plastiki ya aina nyingine na rangi haiishi juu yake. Ziache.

Halafu kuosha, na hapa nina la kusimulia. Bastola ya kwanza niliyoipaka ilikuwa ya mtoto wa kaka yangu. Niliipangusa kwa kitambaa kikavu, nikapuliza zambarau, ikapendeza mno. Siku ya tatu akaja amefumbua kiganja: "Shangazi, inatoka." Kilikuwa kimeloa jasho, na vigamba vya zambarau vimenata kwenye mistari ya mkono wake. Nilipoigeuza bastola, kwenye matuta ya mpini buluu ya kiwandani ilikuwa inachungulia tuta kwa tuta, na juu, kitelezi kilikuwa kimechora mistari miwili mirefu kila kinapopita. Sura ya mtoto yule siisahau, maana hakulalamika, alikuwa ananionea huruma.

Mistari na vile vigamba vilikuwa na sababu mbili tofauti. Rangi ya mpini ilitoka kwa sababu plastiki inatoka kwenye kalibu na mabaki ya dawa ya kuizuia isinate, juu yake kuna grisi ya kiwandani na mafuta ya mikono ya kila aliyewahi kuichezea. Magamba yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki wa zamani, uingie kwenye kila mfereji. Suuza, anika usiku kucha. Asubuhi pangusa kwa spiriti ya isopropili, na kuanzia hapo shika kwa glavu. Usijaribu asetoni wala dawa ya kufutia rangi ya kucha, hata kwa ajili ya kufuta maandishi tu: inaiyeyusha ABS, plastiki inanata kama chingamu na alama za vidole vyako zinabaki humo.

Kile kitelezi kilichora kwa sababu rangi ina unene. Nafasi iliyoachwa kati ya vipande viwili vinavyosuguana ni ndogo, na mipulizo mitatu ya rangi pamoja na vanishi inaijaza. Kabla ya kupaka, rudisha kitelezi mahali pake, kivute mara kadhaa, na weka alama ya penseli kila kinapogusa. Sehemu hizo ama zipunguze kidogo kwa msasa, ama zizibe kwa tepu zibaki bila rangi. Mimi siku hizi naziba, maana msasa ukizidi huwezi kurudisha plastiki.

Msasa kwa ujumla anza na namba 220, maliza na 400 ukiwa umeulowesha maji ili vumbi lisipae. Lengo ni kuua ung'avu, uso uwe butu kila mahali. Nembo zilizoinuka unaweza kuziondoa kwa namba 120, ila mimi naona watu wanapoteza siku nzima kwa jambo hilo bila sababu. Zikipakwa shaba zinapendeza kama chapa ya fundi.

Mahali pa kupulizia nako kuwe kumeamuliwa mapema. Hapa nyumba nyingi zina hita ya maji ya gesi kwenye gereji au chini ya nyumba, na ndani yake kuna mwali mdogo unaowaka muda wote. Gesi inayosukuma rangi kwenye kopo mara nyingi ni ya kulipuka, ni nzito kuliko hewa, na inatambaa sakafuni hadi iufikie. Toka nje. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, kwa kuwa ile ya kitambaa inazuia vumbi tu. Watoto wakae ndani, mtawaita ikikauka.

Makopo ya zamani mliyoyakuta chini ya nyumba mlipohamia yaacheni. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, na tangu 2009 kikomo kwenye rangi za kawaida ni sehemu 90 kwa milioni, lakini kopo lisilo na lebo halikwambii ni la mwaka gani, na mtoto hula chipsi kwa mkono uleule alioshikia bastola. Nunua jipya, lililoandikwa ni la plastiki, na kama halisemi lina rangi ya msingi ndani yake, nunua na andakoti ya plastiki.

Siku ikifika, ning'iniza magamba kwa waya wa hanga yasiguse kitu. Tikisa kopo, na ukisikia gololi ndani imeanza kugonga, endelea dakika nyingine 2. Mpulizo wa kwanza kabisa usiuelekeze kwenye gamba. Puliza kwenye kipande kingine cha plastiki ya ABS kilichooshwa na kusuguliwa msasa vilevile, umbali wa sentimita 25 hivi, kiache hadi kesho yake, kisha bandika tepu juu yake uing'oe kwa nguvu. Tepu ikitoka safi, waite watoto waje kuchagua ni upande gani uanze.